Ikirari Mbele ya Hakimu: Neno «Ni Kweli» na Khatima Yake



Mzee mmoja wa huku milimani aliteremka Same siku ya Ijumaa, na baada ya sala akangoja mpaka watu wakatawanyika, kisha akaja kutuuliza. Akasema, «Maalim, mwanangu yumo mahabusu. Alikuwa akiendesha pikipiki ya abiria, na usiku mmoja akawapakia watu wawili wasiojua Kiswahili, akakamatwa nao njiani. Jumatatu atasimamishwa mbele ya hakimu. Wenzake waliomo mle ndani wamemwambia: sema ni kweli, yaishe. Naye amenituma niulize kama yafaa aseme hivyo.»

Tukamwuliza, «Mzee wangu, je, kijana alijua watu wale ni akina nani?» Akainama kidogo, kisha akajibu, «Hilo ndilo asilotaka kuniambia wazi. Asema aliona tu kuwa ni wageni.»

Tulimjibu mzee yule kwa mdomo siku ile ile. Walakini swali lake si la mtu mmoja, wala si la Same peke yake, kwa hivyo tumeona yafaa kuliandika kwa faida ya wengine. Na ukilitazama vema utaona kuwa ndani yake mna maswali matatu. La kwanza, mtu asiyetenda jambo, au asiyelifahamu shitaka lake, je, ana ruhusa kusema «ni kweli» ili apumzike na taabu? La pili, mtu aliyetenda, je, ni wajibu wake kusema killa kitu mara aulizwapo, na je, akisema «si kweli» amekuwa mwongo? La tatu, wale wanaosimama kati ya mshitakiwa na hakimu, yaani mwenye kumshauri na mwenye kumfasiria maneno, wana mzigo gani mbele ya Mwenyezi Mungu?

NJIA IPITAYO SAME

Yafaa kwanza msomaji ajue kwa nini swali kama hili laja kwetu mara kwa mara. Mji wa Same uko chini ya milima ya Upare, katika njia kuu itokayo Arusha na Moshi kwenda Dar es Salaam na Tanga. Mashariki yake ni nyika ya Mkomazi, iliyopakana na Kenya. Na upande wa kaskazini, mbele ya Mwanga na Himo, ndiko Holili, mlango wa kuendea Taveta. Watu wa milimani hushusha tangawizi na ndizi zao mpaka njia hii, na katika njia hii hii hupita watu wa mbali, usiku na mchana, wenye vibali na wasio navyo.

Khasa hupita vijana wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Wengi wao hutoka kusini ya nchi ile, kwa Wahadiya na Wakambata, nao hutaka kufika Afrika Kusini kutafuta riziki. Huvuka Kenya, huvuka Tanzania, huendelea Malawi au Msumbiji, na killa mpaka una dalali wake. Khatari ya safari hiyo yajulikana. Mwezi wa Juni mwaka 2012, katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, zilikutwa maiti za watu zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, waliokosa hewa ndani ya lori. Nao wanaonusurika na lori hawanusuriki na gereza. Tarehe 25 Januari 2021, Rais Magufuli alipokutana na Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia huko Chato, alitangaza msamaha kwa Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa katika magereza ya nchi hii kwa sababu ya kuingia bila ya kibali. Tafakari hesabu hiyo, ewe msomaji. Ni watu wa kutosha kujaza kijiji, na wengi wa watu wa namna hii hesabu yao mahakamani huwa ni neno moja tu, waliloambiwa walitamke.

Tena liko jambo la mirungi. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, mmea huo huuzwa sokoni kwa ruhusa ya sheria; huku kwetu umo katika dawa zilizokatazwa na sheria ya mwaka 2015, na wenye kuilinda sheria hiyo wamepanda milima ya Same zaidi ya mara moja kung'oa mashamba yake. Basi jani lile lile ni biashara upande mmoja, na upande wa pili ni gereza. Mtu aweza kusema «ni kweli nimebeba» akidhani anakiri jambo dogo, kumbe anakiri jambo zito.

NENO HILO KATIKA SHERIA YA NCHI

Mahakama zetu humwuliza mtu kwa Kiswahili kama shitaka ni kweli au si kweli. Mtu wa kawaida husikia swali hilo kama lile la mzazi kumwuliza mtoto, akadhani akikiri upesi atahurumiwa upesi. Walakini katika sheria neno «ni kweli» si ombi la huruma. Ni hoja iliyotimia. Mtu akikiri sawasawa, mwenye kushitaki hatakiwi tena kuleta mashahidi. Hakimu humtia hatiani papo hapo, na linalobaki ni adhabu.

Na baada ya hapo mlango wa rufani huwa mwembamba mno. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai yasema ya kuwa aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe hana rufani juu ya hatia, illa juu ya kadiri ya adhabu au uhalali wake. Majaji wameacha mwanya mdogo, walioueleza mwaka 1983 katika shauri la Laurent Mpinga: kuwa mtu aweza kusikilizwa ikiwa ikirari yake ilikuwa na mashaka au haikutimia, au aliikiri kwa kukosea na kutofahamu, au shitaka lenyewe halikuwa na kosa ndani yake, au maelezo aliyoyakubali hayakutosha kumtia hatiani. Huo ndio mwanya. Na mtu maskini aliyemo gerezani, asiye na wakili wala mwenye kumwandikia, atauona wapi?

Twapasika pia kusema haki ya sheria, kwa kuwa imeweka kinga kabla ya hatia. Mwaka 1951, katika shauri la Hando bin Akunaay lililotoka Tanganyika, mahakama ya rufani ya Afrika ya Mashariki ilifundisha ya kuwa haifai kumtia mtu hatiani kwa ikirari mpaka aelezwe killa sehemu ya kosa, na killa sehemu aikubali au aikatae. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, mahakama hiyo ikapanga utaratibu wake: shitaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha aijuayo mshitakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, mwenye kushitaki aeleze mambo yalivyotukia, na mshitakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyakana. Akikana jambo moja katika yale yanayolifanya kosa, ikirari yake huvunjika, na huandikwa kuwa amekataa.

Msomaji wetu ayashike maneno haya: «killa sehemu». Chukua mfano wa kijana wa mzee wetu. Kuwa alipakia watu wawili, hiyo ni sehemu moja. Kuwa watu wale hawakuwa na kibali, hiyo ni sehemu nyingine. Kuwa yeye alilijua hilo, ni nyingine tena. Kuwa alikusudia kuwavusha kwa siri, nayo ni mbali na hizo. Akisema «ni kweli» kwa pamoja, yeye moyoni mwake amekubali ile ya kwanza, na kumbe kitabu cha mahakama kimezichukua zote. Na hukumu zilizosomwa nchini kwa makosa ya kusafirisha wahamiaji zimekuwa za faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20. Hivyo ndivyo yanavyokwisha mambo kwa aliyeambiwa «sema yaishe».

KHATIMA YA MGENI

Tena kwa mgeni neno hili lina mkia mrefu kuliko kwa mwenyeji. Mwenyeji akimaliza kifungo hurudi kwa mama yake. Mgeni akimaliza kifungo huanza jambo la pili, nalo ni kuondoshwa nchini. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 yampa Waziri uwezo wa kuamuru hivyo, na aliyeondoshwa kwa amri huhesabiwa kuwa mtu aliyekatazwa kuingia tena. Na wako waliomaliza siku zao wakabaki gerezani kwa sababu hapana nauli ya kuwarudisha kwao, wakakaa si kwa hukumu bali kwa ufukara.

Na zaidi ya hayo, katika hao wapitao wamo wachache wasiotafuta kazi bali wanaokimbia kuuawa au kuteswa. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu chake cha 31, wakataza kumwadhibu mkimbizi kwa ajili ya kuingia kwake bila ya ruhusa, maadamu amejionyesha kwa wakubwa upesi na ana sababu njema. Nasi tuna sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998. Lakini mtu aliyeambiwa na mwenziwe «sema ndiyo» hasemi anakimbia nini. Husema «ndiyo», na khabari ya maisha yake yakwisha hapo, kabla haijasikilizwa.

Wala usidhani, ndugu yangu Mpare, ya kuwa jambo hili ni la Wahabeshi tu. Watoto wetu nao ni wageni katika nchi za watu. Wako Oman, wako Uingereza, wako Marekani; na killa mmoja wao aweza siku moja kukamatwa kwa jambo dogo, akaambiwa akikiri atatozwa faini kidogo aende zake. Uingereza iliweka sheria mwaka 2007, kuwa mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hufukuzwa nchini, illa akiwa katika wale waliotengwa na sheria hiyo. Na Marekani kulitokea shauri lenye mafunzo makubwa. Mtu mmoja aitwaye Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikaa Marekani kwa halali zaidi ya miaka 40, tena aliitumikia jeshini katika vita vya Vietnam. Alikuwa dereva wa lori, akakamatwa katika jimbo la Kentucky na bangi ndani ya gari. Wakili wake akamwambia asiwe na khofu ya kufukuzwa, kwa kuwa amekaa nchini miaka mingi. Akakiri. Kumbe kwa ikirari ile ile kufukuzwa kwake kulikuwa karibu ni lazima. Mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile ikaamua ya kuwa wakili ana wajibu wa kumwambia mteja wake mgeni kama kukiri kwake kwaweza kumfukuzisha. Asipomwambia, hakutimiza kazi yake.

Basi tazama: mtu wa miaka 40, askari mzee, ajuaye lugha, mwenye wakili, hakujua khatima ya neno lake. Je, kijana wa miaka 19, asiyejua Kiswahili, aliyelala juzi porini Mkomazi, atajuaje?

IKIRARI KATIKA SHERIA YA KIISLAMU

Wanazuoni wetu wameliita jambo hili ikirari, nao wamelitia katika mlango wa ushahidi, kwa sababu mwenye kukiri ni shahidi juu ya nafsi yake. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Nisaa aya ya 135, ametuamuru tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hatta kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Watu wengi huisoma aya hii wakafahamu upande mmoja tu, kuwa ni wajibu kujishuhudia ukiwa umekosa. Na hilo ni haki. Walakini wasahau upande wa pili. Ushahidi ni wa uadilifu, na uadilifu ni kweli isiyozidi wala kupungua. Mwenye kumshuhudia jirani yake kwa jambo asilolijua amefanya dhambi. Basi mwenye kujishuhudia nafsi yake kwa jambo asilolijua amehalalishiwa na nani? Nafsi si mali yako hatta uizulie unavyopenda. Ni amana.

Kwa ajili hiyo wanazuoni wameweka masharti. Mwenye kukiri awe amebaleghe, awe na akili, na awe na khiyari yake, si kwa kutishwa wala kwa kupigwa. Na alijue lile analolikiri. Tena wamesema ikirari ni hoja fupi, yaani yamfunga aliyeitamka tu, wala haivuki kwenda kumfunga mwingine. Na katika makosa yaliyo haki ya Mwenyezi Mungu peke yake, aliyekiri akirudi katika neno lake huachwa. Ama katika haki za watu, kama mali uliyoichukua, kurudi hakumwondolei mtu deni.

Na mwenendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie, watosha kuwa mfano. Maiz bin Malik alimjia akijikiri kosa kubwa. Mtume akamgeuzia uso. Akaja upande wa pili, akamgeuzia tena, mpaka mara nne. Kisha akauliza kama mtu yule ana wazimu, na kama amelewa. Akamwuliza yamkini hakufanya illa jambo lililo chini ya lile. Hakumharakisha, bali alimfungulia milango ya kutokea, akaipekua ikirari yake sehemu baada ya sehemu. Na yule Maiz alikuwa mtu mzima, ajuaye lugha, aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Iko na khabari nyingine, iliyo karibu zaidi na Same kuliko wengi wanavyodhani. Zama za Khalifa Umar aliletwa mwanamke wa Kinubi, mtu wa Afrika hii hii, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Alikuwa akisali na kufunga, lakini hakuwa akifahamu mambo kwa kuwa hakuwa mwenye lugha ile. Alionekana ana mimba naye hana mume. Umar alipomwuliza, akajibu waziwazi bila ya kuficha, akamtaja mwanamume na akataja hatta fedha aliyopewa. Ikirari gani iliyo wazi kuliko hiyo? Umar akawataka ushauri masahaba waliokuwako. Wawili katika wao wakasema adhabu imempasa. Othman alikuwa kimya. Alipoulizwa, akasema ya kuwa amwona mwanamke yule alitamka jambo lile kwa wepesi kama asiyejua kuwa ni kosa, na adhabu ile kubwa haimpasi illa anayejua. Umar akalikubali neno la Othman, akamwondolea adhabu ya kufa, akampa iliyo chini yake, viboko na kuhamishwa mwaka mmoja.

Zingatia busara ya Othman. Watu wote walisikia maneno ya mwanamke yule. Yeye alisikia jinsi alivyoyatamka. Wepesi wa kukiri, ambao wengine waliuona kuwa ni hoja juu yake, yeye aliuona kuwa ni dalili ya kutojua. Nasi twawaambia mahakimu wetu na waendesha mashtaka, kwa heshima yao yote: mgeni asemaye «ndiyo, ndiyo» kwa haraka, kabla shitaka halijamalizika kusomwa, pengine hakukiri kitu.

MAJIBU YA MASWALI MATATU

Ama swali la kwanza, twasema hapana ruhusa. Asiyetenda, au asiyelifahamu shitaka, akisema «ni kweli» amesema uongo, japokuwa uongo huo wamdhuru yeye mwenyewe. Tena mara nyingi haumdhuru yeye peke yake. Mke na watoto hula hukumu ile pamoja naye. Na mkosaji wa kweli, yule dalali aliyekula nauli, hubaki salama nyuma ya neno la asiyekosa.

Twajua watatujibu: «Maalim, wewe hukulala mahabusu. Mtu akikataa hukaa miezi akingoja mashahidi. Akikubali hutozwa faini akatoka.» Hayo ni maneno ya kweli, wala hatuyadharau. Mwenye kutishwa kwa upanga huwa na udhuru, na kwa maskini njaa ya watoto wake ni upanga. Kwa hivyo hatumhukumu aliyeshindwa. Walakini twawauliza wale walio nje: ikiwa twamwambia mtu akae mahabusu kwa ajili ya kweli, nani atampelekea chakula? Nani atasimama kumdhamini? Nani atamlimia shamba? Mwenye kumhubiria mfungwa ukweli kisha akaenda zake nyumbani, huyo hakuhubiri, amejifurahisha kwa sauti yake.

Ama swali la pili, la yule aliyetenda, jawabu lake lataka upole. Kukana kwa ulimi jambo ulilolitenda kwa mkono ni uongo, nao haufai. Walakini si lazima kuchagua baina ya uongo na kujimaliza. Iko njia ya tatu, nayo imo katika sheria yenyewe. Sheria yaamuru yaandikwe maneno ya mshitakiwa mwenyewe. Basi na aseme kwa maneno yake lile alilolitenda, na lile asilolitenda aseme hakulitenda. Aseme «ni kweli niliwapakia», ikiwa aliwapakia. Na aseme «sikujua kuwa hawana kibali», ikiwa hakujua. Asipofahamu, aseme «sikufahamu, nielezwe tena». Na akiwa na khofu ya kusema lolote, anyamaze; kwa kuwa asiyejibu, sheria humwandikia kuwa amekataa, ikamtaka mwenye kumshitaki alete mashahidi. Kunyamaza huko si uongo, kwani mtu hakutamka neno. Na hatta aliyekwisha sema «ni kweli» kwa kukosea, asikate tamaa: kabla ya adhabu kutamkwa, aweza kumwomba hakimu abadili neno lake.

Na mwenye kudai athibitishiwe si mkaidi. Wazee wetu wa Upare walilijua hilo. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakakusanyika Same, mbele ya boma, wakaikataa kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, hali hawakukataa kulipa kodi yao ya zamani. Hawakujificha, wala hawakudanganya kuwa hawana mali. Walisimama wazi wakasema hili twalikubali na hili hatulikubali. Na baadaye kodi ile ikaondolewa. Hivyo ndivyo mtu mwadilifu anavyojibu mbele ya wakubwa: hulipambanua neno, wala halimezi lote kwa khofu wala halitemi lote kwa hasira.

Walakini yatupasa kuongeza jambo, ili mtu asiyageuze maneno yetu kuwa maficho. Kuachiwa na mahakama si kuachiwa na Mwenyezi Mungu. Uliyechukua mali ya mtu, mrudishie, hatta kama shahidi hakupatikana. Na wewe kijana wa pikipiki, uliyeona tu kuwa ni wageni, jiulize peke yako usiku: kwa nini nauli ya usiku ule ilikuwa kubwa kuliko ya mchana? Ukiwa uliijua sababu ukafumba macho, basi hilo ni baina yako na Mola wako, na toba yake ni kuacha biashara hiyo, iliyowaua wenzao ndani ya lori.

Ama swali la tatu, la mshauri na mkalimani, hapo ndipo penye mzigo mzito kuliko kote. Mfungwa mwenye kumwambia mwenziwe «sema ni kweli» hajui sheria, na pengine atasamehewa kwa ujinga wake. Lakini wakili aliyepokea ada, au ofisa anayetaka shauri limalizike kabla ya adhuhuri, au mkalimani anayefasiri nusu na kuiacha nusu, hawa ni wenye amana. Mkalimani khasa, kwa kuwa yeye ni ulimi wa mtu. Ajuaye Kiamhara kidogo cha sokoni asijidai kufasiri shitaka kwa mtu wa Kihadiya, bali na aseme mbele ya hakimu: «Mheshimiwa, mtu huyu hanifahamu.» Neno hilo moja ni sadaka kubwa.

Na sisi wengine tuna fardhi ya kutoshana, ambayo wakiisimamia baadhi yetu imewatosha wote, na wakiiacha wote wamepata dhambi wote. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowapa maskini njia ya kusaidiwa bila ya malipo. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatta mwenyeji asiyejua Kiingereza aweza kuisoma hukumu yake. Vijana wetu waliosoma na waende mahakamani wakasikilize, wajue nani hana mtu wa kumsimamia. Wenye mali na wadhamini. Wenye chakula na wapeleke.

Mzee wetu alipokuwa akiondoka tulimpa mfano wa nyumbani kwao, naye akaufahamu mara moja. Watu wa milimani huyakusanya maji ya mto usiku katika ndiva, na asubuhi huyafungua kwa zamu ili yafike mashambani. Mwenye zamu hafungui mpaka amekwisha kutazama mfereji wote, kwa kuwa maji yakishateremka hayarudi juu, na yakipotea njia hubomoa shamba la mtu. Basi ulimi mbele ya hakimu ni mlango wa ndiva. Mwambie mwanao autazame mfereji kwanza, ajue maji yatakwenda wapi. Kisha aufungue kwa kadiri ya kweli anayoijua, asizidishe na asipunguze.

Jumatatu kijana alisimama, akasema aliyoyatenda kwa maneno yake, na yale asiyoyatenda akayakana. Shauri lake lingaliko mbele ya hakimu, wala si kazi yetu kulihukumu. Mzee huteremka killa juma na chakula chake ndani ya kikapu, na siku hizi hateremki peke yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli juu ya nafsi zetu na juu ya wenzetu, na awape mahakimu wetu masikio kama ya Othman. Amin.